Mwenyeheri Irene Stefani Nyaatha: Kanisa Lililokua Nyumba kwa Nyumba



Kamati ya Jubilei ilipokaa kupanga kijitabu hiki, kila mmoja wetu alikuwa na wazo lake. Wengine walitaka historia ya kwaya, wengine orodha ya viongozi, wengine picha za sare zote tangu ile ya kwanza ya kitambaa cha bluu. Hayo yote mtayapata katika kurasa nyingine. Lakini tulikubaliana pia kuweka maisha ya mtu mmoja ambaye hakuwa mwanakwaya, hakuzaliwa Kenya, na alifariki miaka mingi kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa. Huyo ni Mwenyeheri Irene Stefani, ambaye wazee wa Gikondi walimwita Nyaatha.

Sababu ya kumchagua ni hii. Kwaya yetu haikuanzia kanisani. Ilianzia sebuleni, katika jumuiya ndogo ya familia chache zilizokuwa zikikutana jioni kusali rozari na kusoma Injili. Hakukuwa na kinanda wala jukwaa. Viti viliazimwa kwa majirani, na mama mwenye nyumba alipika chai. Leo tuna kanisa la mawe, kinanda cha umeme, vipaza sauti na kabati lililojaa sare. Kabla ya kujipongeza kwa miaka 25, tuliona ni vizuri tukumbuke kwamba Kanisa lenyewe la Nyeri lilianza vivyo hivyo, nyumbani kwa mtu, na kwamba lilikua kwa sababu kulikuwa na watu waliokubali kutembea.

KANISA LILILOANZIA BOMANI

Mnamo tarehe 28 Juni 1902, wamisionari wanne wa Consolata kutoka Turin, Italia, walifika Tuthu, juu kabisa katika vilima vya Murang'a vinavyopakana na msitu wa Nyandarua. Walikuwa mapadri wawili, Tommaso Gays na Filippo Perlo, na mabruda wawili, Celeste Lusso na Luigi Falda. Aliyewapokea ni Chifu Karuri wa Gakure. Kesho yake, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, walisoma Misa ya kwanza hapo hapo bomani kwake.

Hebu tuifikirie Misa hiyo. Hapakuwa na altare ya marumaru wala kengele. Hapakuwa na kwaya. Watu waliokuja kutazama hawakuelewa Kilatini, na wageni hawakuelewa Kikuyu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini siku ile hakuna aliyejua nani angemponya nani. Karuri mwenyewe hakubatizwa siku hiyo wala mwaka huo. Alibatizwa mwaka 1916, akaitwa Joseph, na mkewe Wanjiru akaitwa Consolata. Mwaka uo huo Karuri akafariki. Ilichukua karibu miaka 14 mwenye boma kuingia katika Kanisa lililoanzia kwake.

Wamisionari hawakukaa tu kungojea watu waje. Mwezi Machi 1904 walikutana Murang'a wakapatana namna ya kufanya kazi. Waliona kwamba kazi ya kwanza ni kutembelea watu katika vijiji vyao, siku baada ya siku, kuwatibu wagonjwa, kufungua shule ndogo, kufundisha katekisimu na kuandaa makatekista wenyeji. Mapadri peke yao wasingeweza. Masista walianza kuja mwaka 1903, na mwaka 1910 Padri Giuseppe Allamano, mwanzilishi wa shirika kule Turin, alianzisha shirika la Masista Wamisionari wa Consolata. Padri Allamano hakuwahi kukanyaga Afrika maishani mwake. Aliwafundisha aliowatuma kwamba jambo jema lapasa kufanywa vizuri, na bila kelele. Alitangazwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024.

Miongoni mwa wasichana waliobisha hodi katika nyumba hiyo mpya ya masista ndipo tunapomkuta Irene.

MSICHANA WA ANFO

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kando ya ziwa, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia. Nyumbani aliitwa Mercede. Familia ilikuwa kubwa, watoto 12, na ya watu wa sala. Alipokuwa bado kijana mama yake alifariki, naye akabaki kusaidia kulea wadogo zake. Wengi wetu tunaijua hali hiyo. Dada mkubwa anakuwa mama kabla ya wakati wake, anapika, anafua, anasimamia masomo ya wadogo, na machozi yake mwenyewe anayaweka pembeni. Hata hivyo Mercede alipata nafasi ya kuwafundisha watoto wa kijiji katekisimu na kuwatembelea wagonjwa na maskini.

Mwaka 1911, akiwa hajafikisha miaka 20, aliaga nyumbani akaenda Turin kujiunga na masista wa Consolata. Mwaka uliofuata alivaa vazi la shirika akapewa jina la Irene, ambalo asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya amani. Aliweka nadhiri mwaka 1914, na mwisho wa mwaka huo akapanda meli kuja Kenya. Aliwasili mapema mwaka 1915, akapelekwa Nyeri, mahali ambapo tayari palikuwa kitovu cha misheni.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujifunza. Alijifunza Kikuyu, akajifunza njia za vilimani, akajifunza salamu. Sisi tuliosomea ualimu tunajua kwamba mwalimu asiyejua lugha ya mtoto atafundisha ubao tu. Lakini kabla hajatulia, vita vilimfikia.

MIAKA YA VITA

Vita Kuu ya Kwanza vilianza Ulaya mwaka 1914, lakini Waingereza na Wajerumani walipigana pia katika Afrika Mashariki. Barabara zilikuwa chache, na magari na wanyama wa mizigo hawakufaa kwa sababu ya matope na mbung'o. Kwa hiyo mizigo, risasi, mahindi na majeruhi vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Hao ndio wapagazi wa Carrier Corps, ambao majina ya Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam yametokana nao. Wengi waliandikishwa kwa nguvu, hasa katika uandikishaji mkubwa wa mwaka 1917. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Katika vilima vyetu hivi kuna familia nyingi ambazo babu alitoka asubuhi akiwa mzima na hakuonekana tena.

Masista wa Consolata waliombwa kwenda kuwahudumia wapagazi hao katika hospitali za vita. Kuanzia mwaka 1916 Sista Irene alikuwa Voi, kisha akapelekwa Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Tusidhani hospitali hizo zilikuwa kama tunazozijua. Zilikuwa mabanda marefu, wagonjwa wamelala wamebanana, wa makabila mengi, dawa hazitoshi, harufu haivumiliki, na wauguzi wengine wamechoka hadi wamekuwa wakali. Sista Irene aliosha vidonda, akalisha wasioweza kushika kijiko, akafunga bendeji, na usiku akakaa karibu na waliokuwa wakikata roho. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wapagazi wa kila kabila. Aliyetaka kusikia habari za Mungu alimfundisha polepole, na aliyeomba ubatizo akiwa mahututi alimbatiza. Inasimuliwa kwamba aliowabatiza katika miaka hiyo walifika watu 3000.

Kuna kisa kimoja ambacho wasimulizi wa maisha yake hawakosi kukitaja. Siku moja alirudi kwa mgonjwa aliyekuwa akimwandaa kwa ubatizo, akakuta kitanda kitupu. Aliambiwa kwamba amekwisha kufa na maiti yake imepelekwa pwani pamoja na nyingine. Sista Irene hakuridhika. Alishuka ufuoni giza likiingia, akapita kati ya maiti akiwatafuta mmoja mmoja, mpaka akampata mtu wake, naye alikuwa bado anapumua. Alimbatiza hapo hapo.

Tumekirudia kisa hiki mara nyingi katika mikutano yetu ya maandalizi. Katika rejista ya hospitali mtu yule alikuwa amekwisha kufutwa. Kwa Sista Irene alikuwa bado ni mtu.

GIKONDI

Vita vilipokwisha alirudi mlimani, na mwaka 1920 akapelekwa misheni ya Gikondi, katika eneo la Mukurweini, kusini mwa Nyeri. Huko alikaa miaka kumi, hadi kufa kwake. Wanaolijua eneo hilo wanajua jinsi ardhi yake ilivyo. Ni mgongo wa kilima, bonde lenye kijito, mgongo mwingine, bonde jingine. Nyumba unayoiona ng'ambo kana kwamba unaweza kuigusa itakuchukua muda mrefu kuifikia kwa miguu, kushuka na kupanda. Mvua ikinyesha udongo mwekundu unateleza na kushika viatu.

Huko ndiko Sista Irene alikotembea. Alifundisha shuleni misheni, na baada ya masomo alifunga viatu vyake vikubwa akaenda vijijini. Aliingia boma baada ya boma. Alisalimia kwanza, kama desturi inavyotaka. Aliuliza habari za wazee, akamtazama mgonjwa, akambeba mtoto. Alisaidia akina mama wanaojifungua. Kisha ndipo alipowaalika watoto shuleni na wakubwa kwenye mafundisho. Walikuwepo waliomfukuza. Wazazi wengine waliona shule itawaharibu watoto, hasa wasichana, na wengine walimficha mtoto walipomwona akishuka kilimani. Yeye alirudi kesho, na kesho kutwa, bila kugombana na mtu.

Ni vizuri tueleze jinsi kazi hii ilivyojenga Kanisa, kwa sababu vijana wetu wanadhani parokia hutokea siku askofu anapokuja kubariki jengo. Mambo yalikwenda hivi. Kwanza palikuwa na nyumba moja iliyokubali kupokea mgeni. Majirani wakaja kusikiliza. Walipozoea, pakajengwa kibanda cha miti, udongo na nyasi, kikawa shule siku za wiki na nyumba ya sala Jumapili. Mwalimu wa shule hiyo ndiye aliyekuwa pia katekista, mara nyingi kijana wa hapo hapo aliyefundishwa misheni. Watu walijifunza kwa muda mrefu kabla ya kubatizwa. Waliobatizwa wakaoana Kikristo, wakabatizisha watoto wao, na kibanda kikawa kigango. Kigango kikapata ardhi, kikajengwa kwa mbao na mabati, halafu kwa mawe. Mwisho akaja padri wa kukaa, na hapo ndipo kikaitwa parokia. Kila hatua ilimhitaji mtu wa kuitembelea ile nyumba ya kwanza, na kuitembelea tena.

Kutokana na miaka hiyo watu wakampa jina. Neno tha katika Kikuyu ni huruma, nao wakamwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Hakujipa jina hilo, wala halikutoka Turin. Alipewa na watu waliomwona akipita mlangoni mwao.

BARUA

Sisi wa ofisi ya katibu mtatuvumilia tukikaa kidogo hapa, kwa maana sehemu hii inatugusa.

Katika miaka ile ya 1920, wanaume na vijana wengi wa Nyeri waliondoka kwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa na katika mashamba ya walowezi. Kulikuwa na kodi ya kulipa, na fedha haikupatikana nyumbani. Wazazi na wake waliobaki hawakujua kusoma wala kuandika. Kijana akishaondoka, habari zake zilikatika. Walikuja kwa Nyaatha, naye akawaandikia. Mama alisimulia habari za nyumbani, nani amezaliwa, nani ameugua, mbuzi wangapi wamebaki, na Sista akaandika. Majibu yalipokuja aliwasomea, na wakati mwingine alibeba barua mwenyewe mpaka nyumbani. Aliwaandikia pia wanafunzi wake wa zamani waliokuwa mbali, kuwauliza kama bado wanasali na kama wamepata mahali pa kukaa.

Kazi hii haionekani kubwa. Haina picha wala jiwe la msingi. Lakini kwa sababu yake kijana aliyekuwa Mombasa aliendelea kuwa mtu wa Gikondi, na alipokwenda kanisani huko mjini hakwenda kama mpotevu. Jumuiya ya nyumbani ilibaki moja ingawa watu wake walitawanyika.

OKTOBA 1930

Mwezi Septemba 1930 Sista Irene alikuwa Nyeri kwa mafungo pamoja na masista wenzake. Huko alipata wazo la kumtolea Mungu maisha yake yote kwa ajili ya utume, hata kufa. Alimwomba mkuu wake ruhusa. Mkuu alisita kwanza, kisha akakubali. Sista akarudi Gikondi na kazi zake.

Mwezi uliofuata tauni iliingia. Mwalimu mmoja wa pale aliugua. Watu walijua tauni ni nini na waliogopa, na hatuwezi kuwalaumu. Nasi katika mwaka 2020 tulijifunza namna hofu ya ugonjwa inavyoweza kufunga milango. Sista Irene alikwenda. Alimhudumia mwalimu yule, akakaa karibu naye, akamshika hadi mwisho. Baada ya siku chache naye alishikwa na homa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39.

Watu wa Gikondi walilia kwa namna ambayo watoto wao walisimulia hadi uzeeni. Kwao aliyekufa alikuwa mama yao.

BAADA YAKE

Mbegu zilizopandwa bomani Tuthu na vilimani Gikondi ziliendelea kukua. Mwaka 1909 misheni ilikuwa imefanywa Vikarieti, na Askofu wake wa kwanza alikuwa Filippo Perlo, mmoja wa wale wanne wa Tuthu. Mwaka 1926 Meru ilitengwa kujitegemea. Mwaka 1953 Nyeri ikawa Jimbo. Mwaka 1964 Caesar Gatimu, mwana wa nchi hii, akalichukua jimbo akiwa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Murang'a ikawa jimbo mwaka 1983, na mwaka 1990 Nyeri ikawa Jimbo Kuu. Leo ukisimama Nyeri mjini ukielekea Karatina, au Othaya, au Nanyuki, hutakwenda mbali kabla ya kuona msalaba juu ya paa.

Inafaa tukumbuke jambo moja zaidi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana miaka ya 1973 na 1976 kujadili mustakabali wa Kanisa, hawakuamua kujenga makanisa makubwa zaidi. Waliamua kuimarisha jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani familia jirani zinazokutana nyumbani. Kanisa lilipokua kubwa, liliona haja ya kurudi sebuleni.

Na Nyaatha hakusahauliwa. Mwaka 1984 uchunguzi wa maisha yake ulifunguliwa. Mwezi Januari 1989, kule Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji, watu zaidi ya 200, wengi wao makatekista na familia zao, walijificha kanisani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Walikaa humo siku kadhaa bila maji, isipokuwa kiasi kidogo kilichobaki katika chombo cha ubatizo. Walimwomba Sista Irene awaombee, na maji yale machache yakawatosha wote kwa kunywa. Hata mtoto aliyezaliwa humo kanisani aliogeshwa, naye akaitwa Irene. Mwaka 2014 Papa Fransisko aliutambua muujiza huo.

Tarehe 23 Mei 2015, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam aliongoza Misa ya kumtangaza Mwenyeheri, kwa niaba ya Papa. Ilikuwa mara ya kwanza ibada kama hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Baadhi yetu tulikuwepo, tumefika kabla ya mapambazuko, tumevaa makoti juu ya sare. Masalia yake yamehifadhiwa katika Kanisa Kuu la Mama Consolata, Nyeri, na sikukuu yake ni tarehe 31 Oktoba.

NA SISI JE?

Tungeweza kumalizia hapo. Lakini katika mikutano ya maandalizi tulikubaliana kwamba kijitabu cha Jubilei kisiseme mazuri peke yake, kwa sababu Jubilei ni pia wakati wa kusameheana.

Katika kwaya yetu alikuwepo baba mmoja wa sauti ya nne. Hatutamtaja jina, familia yake inajijua. Alikuwa mmoja wa wale wa sebuleni, kabla hatujawa na jina la kwaya. Miaka michache iliyopita aliacha kuja mazoezini. Sheria yetu inasema asiyefika bila udhuru anaandikiwa faini ya shilingi 50. Katibu aliandika. Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa karibu miezi minne, mbele ya jina lake paliandikwa kwamba hayupo, na faini ikajumlishwa. Hakuna aliyekwenda kumwona. Kila mtu alidhani mwingine amekwenda. Jumuiya yake ilikwenda, majirani walikwenda, sisi hatukwenda. Tulipata habari kwamba alikuwa mgonjwa siku tulipoombwa kuimba kwenye mazishi yake.

Tuliimba vizuri siku ile. Watu walitusifu. Baada ya mazishi mjane wake alitukaribisha chai, akatuhudumia mwenyewe, akatueleza kwamba katika ugonjwa wake mumewe alikuwa akiuliza kila Jumapili ni nyimbo gani zimeimbwa. Tulirudi nyumbani kimya. Jumamosi iliyofuata katibu alifuta ile faini, lakini kuna deni lililobaki ambalo halifutiki kwa kalamu.

Ndiyo maana tumesoma habari za Nyaatha mwaka huu kwa namna ambayo hatukuwahi kuzisoma. Yeye alishuka ufuoni usiku kumtafuta mtu ambaye rejista ilisema hayupo. Sisi tuliiamini rejista. Yeye aliandika barua ili mtu wa mbali abaki wa nyumbani. Sisi tulimwandikia faini mtu aliyekuwa kilima cha pili.

Kwa hiyo, pamoja na kanda mpya na sare mpya mtakazoziona siku ya Jubilei, kwaya imepitisha mambo matatu. La kwanza, rejista ya mazoezi imeongezwa safu moja. Asiyefika mara mbili mfululizo, jina la mwenzake wa sauti moja litaandikwa hapo, na huyo ndiye atakayekwenda kumwona kabla ya Jumamosi ya tatu. La pili, mara moja kwa mwezi mazoezi hayatafanyika kanisani. Tutakwenda nyumbani kwa mgonjwa au mzee asiyeweza tena kufika Misani, tusali naye, tuimbe bila kinanda, kama tulivyoanza. La tatu, wenzetu waliohamia Nairobi, Mombasa na ng'ambo kwa ajili ya kazi wataandikiwa na katibu angalau kila Krismasi na Pasaka. Leo barua haihitaji kubebwa kwa miguu kuvuka mabonde, kwa hiyo hatuna udhuru.

Hatujui kama tutafanikiwa. Maazimio ya Jubilei ni rahisi kupitisha siku ya furaha. Tunawaomba ninyi waumini mtuulize mwakani, na mwaka unaofuata. Mkiona kwaya imependeza lakini hakuna mwanakwaya aliyepiga hodi kwenu mlipougua, mtuambie bila kuogopa.

  Wale waliokwisha lala katika Bwana, raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.

Mwenyeheri Irene Nyaatha, utuombee.

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote